Njaa Haikuwa Njia

Watu waliofia katika msitu wa Shakahola walikuwa watu wa maombi. Naanza na hilo kwa sababu habari ilipotoka Aprili 2023, wengi wetu tulikimbilia kusema walikuwa wajinga, au walirogwa, au hawakuwahi kuwa Wakristo hasa, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Ukweli ni kwamba walikesha, walifunga, walisoma Biblia na kumngoja Bwana wao arudi. Mambo hayo nayafanya mimi, na huenda nawe unayafanya. Ikiwa watu wenye tumaini, saburi na sala waliishia kwenye makaburi ya kina kifupi porini, basi tujifunze kwao tukiwa tumeketi kando yao, maana hakuna kati yetu aliyepewa kinga.

Shakahola iko kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ukiuacha mji wa Malindi na kuingia ndani. Ni nchi ya vichaka vya miiba, jua kali na maji ya shida, sehemu ya ranchi kubwa ya Chakama. Huko ndiko walikohamia wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International mjini Malindi mwaka 2003. Mwaka 2019 alitangaza kwamba kanisa amelifunga. Waumini hawakutawanyika. Walimfuata msituni kidogo kidogo, familia kwa familia, wenyeji wa pwani na watu waliotoka mbali bara. Walipata vipande vya ardhi, wakajenga vibanda, na vitongoji vyao wakavipa majina ya Biblia: Yudea, Bethlehemu, Nazareti.

Tarehe 13 Aprili 2023 polisi waliopashwa habari waliingia msituni wakakuta watu waliobaki mifupa na ngozi. Wanne kati yao walikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Siku chache baadaye makaburi yakaanza kufukuliwa, na kila jioni tukasikia hesabu mpya. Hesabu hiyo ilivuka 400, na humo mlikuwamo watoto wengi mno. Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi, ya kuua bila kukusudia, ya ukatili kwa watoto na ya mauaji, likiwamo shtaka la mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka, na mahakama ina kazi yake. Kazi ninayoijaribu hapa ni nyingine: kutazama njia ambayo watu wa kawaida, wapenda Mungu, waliipita hadi kufika pale, na kuuliza ni wapi mtu angeweza kusimama.

Hawakufika kwa siku moja. Hakuna aliyeamka asubuhi Mombasa, akanywa chai, akapanda basi kwenda kufa njaa. Walishuka ngazi moja moja, na kila daraja lilikuwa na sababu yake, tena sababu iliyovaa maneno ya imani.

Daraja la kwanza kuonekana lilikuwa shule. Miaka mingi kabla ya 2023, katika mitaa ya Malindi, kulikuwa na watoto walioacha kuvaa sare. Mhubiri alikuwa amefundisha kwamba elimu hii ya darasani ni ya kishetani, na wazazi wakatii. Mwaka 2017 polisi walivamia kanisa, wakawatoa watoto, na mhubiri akafikishwa kortini. Jambo lilikuwa wazi kiasi hicho, magazeti yaliandika, majirani walijua. Kesi zikaja zikaenda, dhamana ikatolewa, naye akarudi kwenye mimbari. Kwa waumini, kila mara aliporudi ilikuwa ushahidi kwamba Mungu yu pamoja naye na kwamba wanaomshtaki ni watesi wa kanisa. Hapo ndipo penye hatari kubwa kwetu sisi tuliolelewa kwenye hadithi za mitume. Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba wenye haki huteswa. Lakini haifuati kwamba kila anayekamatwa ni mwenye haki. Petro alipofungwa gerezani hakuwa ameshtakiwa kwa kuwanyima watoto masomo.

Daraja la pili lilikuwa dawa. Mama mjamzito akaambiwa asiende kliniki. Mwenye kidonge cha kila siku akaambiwa kwamba kukimeza ni kukosa imani. Hili nalisema kwa uzito kwa kuwa limeenea kuliko Shakahola. Lipo kwenye makanisa yenye mabati mapya na kwenye majumba yenye viyoyozi, Nairobi, Dar es Salaam, Bukavu. Mtu anapona kweli kwa maombi, anasimama kushuhudia, na watu wanashangilia. Wiki inayofuata mwingine, ambaye hajapona, anaona aibu kutembea na dawa zake mkobani. Hakuna aliyemwambia azitupe. Amejiambia mwenyewe, akisukumwa na vigelegele. Mchungaji mwema akiona hilo huongea waziwazi siku hiyo hiyo, ibadani, bila kungoja.

Kisha vikaja vitambulisho. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipokuwa ikiwaandikisha wananchi kwa Huduma Namba, mhubiri aliihubiri kuwa alama ya mnyama, na hilo likamletea matatizo mapya na dola. Wakristo wengi walikuwa na maswali yao kuhusu namba hiyo, nami sioni dhambi katika kuuliza serikali inataka nini na alama zetu za vidole. Jambo la kutazama ni kule lilikoelekea. Walionusurika walieleza baadaye jinsi watu walivyoharibu vyeti vyao na vitambulisho vyao. Mtu asiye na kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa hawezi kuandikishwa shule, hawezi kupata kazi ya mshahara, na akitaka kurudi mjini hana pa kuanzia. Daraja lile alilishuka huku nyuma yake likivunjwa.

Waliokuwa na shamba wakauza, na waliokuwa na kazi wakaacha. Miongoni mwa waliofuata alikuwamo mhudumu wa ndege, na alikuwamo hata askari polisi. Basi tuache kusema walikuwa wajinga. Walikuwa watu waliokuwa na kitu, wakakitoa, wakiamini wanatoa kwa Bwana. Na zingatia majira yenyewe. Mwaka 2020 Korona ilifunga makanisa na viwanja vya ndege. Mvua zikakosekana msimu baada ya msimu, na bara ya Kilifi mifugo ikafa. Mtu aliyekuwa akisikiliza mahubiri ya siku za mwisho kwenye simu yake usiku, asubuhi akichungulia nje aliona kana kwamba mhubiri amesema kweli. Hofu ikishafika kwanza, neno lolote linaloiita hofu hiyo kwa jina huonekana unabii.

Daraja lililobaki nyuma ya hayo yote lilikuwa ndugu. Simu zikapungua. Mtoto wa kiume aliyekuwa akipiga kila Jumapili akapiga mara moja kwa mwezi, kisha namba ikawa haipatikani. Mabibi na wajomba walioenda kuulizia walizuiwa, au walijibiwa kwamba ndugu zao hawataki kuonana na watu wa dunia. Waliokwenda polisi waliambiwa kwamba hao ni watu wazima na uhuru wa kuabudu uko kwenye katiba. Uhuru huo upo, katika kifungu cha 32, na mimi ni wa kwanza kuutetea. Lakini mtoto wa miaka minne hakuwa amechagua kuabudu kwa njaa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilipotoa ripoti yake mwaka 2024, iliwalaumu waziwazi maafisa wa usalama wa Malindi kwa kupuuza taarifa walizoletewa, na kamati ya Seneti ilikuwa imeshasema maneno kama hayo mwaka mmoja kabla. Machi 2023, wiki chache kabla ya msitu kufunguliwa, mhubiri alikuwa amekamatwa kwa sababu ya vifo vya watoto wawili waliosemekana kunyimwa chakula na kuzikwa porini. Aliachiliwa kwa dhamana.

Ndani ya msitu daraja la mwisho lilikuwa mfungo wenyewe. Kwa maelezo ya walionusurika, ulipangwa kwa zamu: watoto watangulie, wafuate wanawake, kisha wanaume, ili wote wamwone Yesu. Wapasuaji maiti wa serikali walithibitisha kwamba wengi walikufa njaa, lakini baadhi, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Tafakari hapo. Mfungo ulioanza kama sala uliishia na mikono ya watu shingoni mwa mtoto. Ikiwa ibada inahitaji mlinzi wa kuzuia mtu asitoke, mtu yule tayari amesema hapana kwa miguu yake, na Mungu hamwiti mtu kwa kumfungia njia.

Picha moja sijaweza kuisahau. Waokoaji wamempata mwanamke aliyedhoofika, wanataka kumpa huduma ya kwanza, naye amefumba mdomo. Nguvu za kuinua mkono hana, lakini za kubana meno anazo. Amekwisha kuambiwa kwamba atakayemletea chakula dakika za mwisho ni adui wa roho yake, kwa hiyo mkono wa huruma anauona mkono wa shetani. Hiyo saburi yake ingekuwa ya ajabu na ya kusifiwa kama ingekuwa imeelekezwa kwingine. Miezi miwili baadaye, Juni 2023, waokolewa 65 walifikishwa mahakamani Shanzu wakishtakiwa kwa jaribio la kujiua, kwa kuwa walikataa chakula wakiwa katika kituo cha uokoaji. Mimi naona lilikuwa kosa kuwapeleka kizimbani. Mtu wa namna hiyo anahitaji uji, mshauri na muda mrefu. Ila kisa hicho kinatuonyesha jambo: kumtoa mtu msituni hakutoi msitu ndani yake kwa siku moja.

Wapendwa, hapa tulipofika ndipo inabidi tuifungue Biblia ile ile waliyoisoma wao. Mfungo umo ndani yake, sikatai. Musa alifunga, Esta alifunga, na Bwana mwenyewe alifunga siku arobaini jangwani. Lakini angalia: mfungo wa Bwana ulikuwa na mwisho, na ulipokwisha aliona njaa kama mtu mwingine, na malaika walikuja kumtumikia. Aliyemtaka aruke kutoka juu ya hekalu ili Mungu aonekane alikuwa mjaribu. Eliya alipochoka, akakaa chini ya mretemu na kuomba afe, Mungu hakumsifu kwa kukata tamaa kiroho. Alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Soma pia habari ya binti wa Yairo katika Marko sura ya 5. Yule msichana wa miaka 12 alipofufuliwa, watu wakiwa bado wamepigwa na butwaa, Yesu aliamuru apewe chakula. Amefanya muujiza mkubwa kuliko yote, na anachowaza ni kwamba mtoto ana njaa.

Napenda zaidi ule mlango wa 27 wa Matendo, na sisikii ukihubiriwa inavyostahili. Merikebu yenye watu 276 imepigwa na dhoruba, siku kumi na nne wameshinda bila kula, jua na nyota hazionekani. Paulo alikuwa ameahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea. Mtu mwenye ahadi ya namna hiyo angeweza kusema tuendelee kufunga, ndugu, Mungu atatutoa. Yeye akasimama mbele ya askari na wafungwa, akawasihi wale, maana wokovu wao ulihitaji nguvu za mwili. Akachukua mkate, akashukuru mbele ya wote, akaanza kula yeye. Wote wakapata moyo wakala. Kisha wakatupa ngano baharini ili kupunguza uzito, na wakaogelea, na walioshindwa kuogelea wakashika mbao, hadi ufukweni. Tumaini la Paulo lilikuwa na mkate mkononi na macho kwenye hali ya hewa.

Na kuhusu kungoja: Wathesalonike nao waliambiwa Bwana yu karibu, baadhi yao wakaacha kazi wakawa wa kujishughulisha na mambo ya watu. Paulo aliwaandikia warudi kazini wale chakula cha jasho lao. Karne nyingi kabla yake, nabii Hanania aliwaambia Waisraeli kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Watu walimpenda, nani hampendi mwenye habari za karibu? Yeremia akaandika barua ya kuudhi kwa wale waliokwisha kupelekwa uhamishoni: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuolewa, uombeeni amani mji mliomo, maana ni miaka sabini. Tumaini la Yeremia lilikuwa kubwa kuliko la Hanania, na lilimtaka mtu apande mti wa matunda. Ukipewa tumaini linalokuambia uuze shamba, uondoe mtoto shule na uache kupanda, uliza ni la nani kati ya hawa wawili.

Shakahola haikuwa ya kwanza kwetu. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini wa kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo la ibada lililokuwa limezibwa milango na madirisha, na maiti wengine wakafukuliwa baadaye kwenye nyumba za kikundi hicho. Viongozi, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde wakiwa mbele, walikuwa wametaja mwisho wa mwaka 1999 kuwa mwisho wa dunia. Mwaka ukapita, dunia ikabaki, na tarehe ikasogezwa. Humo pia watu walikuwa wameuza mali zao wakaleta fedha, na humo pia mazungumzo ya kawaida yalikatazwa hata wakawa wakielewana kwa ishara za mikono. Miaka 23 ilipita kati ya Kanungu na Shakahola. Na mwaka 2025, katika kaunti ile ile ya Kilifi, sehemu iitwayo Kwa Binzaro, makaburi ya kina kifupi yalifukuliwa tena. Anayedhani tumeshajifunza hajasikiliza.

Ndiyo maana nasita kuwalaumu polisi peke yao. Makanisa tulikuwapo Malindi. Wachungaji walikuwapo, mapadri, wazee wa kanisa, vikundi vya wanawake. Mahubiri ya Mackenzie yalikuwa YouTube, kila mwenye simu angeweza kuyasikia. Wengine tulicheka, tukamwona mchekeshaji, tukatumiana vipande kwenye magrupu ya WhatsApp. Wengine tuliona haya kumsema mtumishi, tukijifunika kwa ule mstari wa kutomgusa mpakwa mafuta. Lakini aliyewahi kuwa mshirika wa kanisa lako, akahama ghafla, akaacha kujibu salamu, huyo ni kondoo aliyetoka zizini kwako. Nani alimfuata? Kwenda kwake kulihitaji nauli na jioni moja, na pengine kutukanwa mlangoni.

Kumfuata kwenyewe kuna namna yake. Ukienda na hasira na mistari kumi ya kumshinda, umemthibitishia kwamba dunia inamtesa. Nenda na unga na sukari. Zungumza habari za nyumbani, mwulize mama anaendeleaje na goti lake, na watoto uwaone kwa macho yako, uwashike mkono, uangalie kama wanacheza. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu hachezi. Sauti yake huwa ndogo, nywele hubadilika rangi, miguu huvimba. Ukiona hivyo ujue mazungumzo ya kitheolojia yamekwisha, ni wakati wa chifu, wa daktari na wa polisi, na ukifukuzwa leo urudi kesho na mtu mwingine. Ukishaandikisha taarifa kituoni, chukua namba yake ya kumbukumbu kwenye kitabu cha matukio, kwa kuwa neno tupu husahaulika, na waliokwenda na neno tupu Malindi tunajua walivyojibiwa.

Kuna maswali ambayo mtu anaweza kumwuliza kiongozi wake wa kiroho bila kukosa adabu. Je, naruhusiwa kuondoka nikitaka? Fedha hizi zinaandikwa wapi, nani huzikagua? Wewe mwenyewe unafunga nami, au unanifungisha? Watoto wako wanasoma wapi? Mchungaji aliye salama hukasirika kidogo pengine, kisha hujibu. Asiye salama hulifanya swali lenyewe kuwa dhambi. Nikisema hivi najisemea na mimi. Nikiugua ugonjwa usio na tiba, au mtoto wangu akapotea, sijui nitamfungulia nani mlango usiku akiniambia kwamba anajua njia ya mkato ya kumfikia Mungu. Ndiyo sababu maswali hayo afadhali kuyazoea tukiwa wazima, na tuwe na ndugu wawili watatu waliokwisha kuruhusiwa kutuambia, umepotea, rudi.

Kwa wanaotafuta mfano wa saburi ya Kikristo katika kisa hiki, mimi nauona kwa ndugu waliobaki. Mamia ya watu waliripotiwa kupotea. Jamaa zao walifika Malindi kutoka kaunti za mbali, wakatoa sampuli za mate ili vinasaba vilinganishwe, wakarudi nyumbani kusubiri. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu makaburi yafunguliwe. Katika mwaka huo walilima, walipika, walipeleka wajukuu shule, walikwenda kanisani wakalia, wakapiga simu mochari na kuambiwa bado. Wako walioomba Mungu bila hata kujua waombe nini, mwanao awe hai mahali fulani au angalau apatikane azikwe. Wengine hadi leo hawajapata jibu. Nikiulizwa kuvumilia katika dhiki kunafananaje, nitaanza kwa kuwataja hao, kabla ya yeyote aliyejificha porini.

Basi kama nyumbani kwako, au jirani, kuna mtoto aliyeondolewa shule kwa jina la Yesu, au anayefungishwa chakula, au anayenyimwa dawa, usingoje uhakika kamili. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina namba moja ya msaada kwa watoto, nayo ni 116. Kupiga ni bure, na si lazima utaje jina lako.